Baba yangu na comprehension ya QT: alikuwa anaihukumu passage badala ya kuijibu

Wakuu, heshima kwenu. Mlioko kazini poleni, mlioko shule kama mimi ficheni simu.

Hiki ninachoandika kimetokea nyumbani kwetu Kasingirima, Ujiji. Sijaongeza chumvi. Simu ninayotumia ni ya mama, na mama husoma kila kitu kabla sijabonyeza kutuma.

Mimi ni binti wa Form Three. Shuleni nafahamika kwa English nzuri na kwa kutolewa nje ya darasa, na mara nyingi vyote hutokea kipindi kimoja.

Mhusika mkuu wa uzi huu ni baba.

Baba ni nahodha wa boti ya dagaa. Shule aliishia darasa la saba. English siyo kwamba haijui, ujanani alikuwa kwenye boti za mizigo za kwenda Mpulungu, Zambia, na kule usipoongea unakufa njaa. Akisoma anaelewa. Shika hilo, maana ndilo lililonichanganya.

Sasa, kuna tajiri mmoja hapa anachonga boti kubwa ya abiria na mizigo ya kwenda Kagunga. Amemwambia baba usukani ni wako, ila serikali inataka cheti cha unahodha. Chuo kinachotoa hicho cheti nacho kinataka cheti cha Form Four. Na mtu mzima aliyeishia la saba haendi kufanya mtihani wa Form Four hivi hivi, lazima apite QT kwanza, mtihani wa kupima kama anaweza.

Mwaka jana alifanya QT akaanguka. English ndiyo ilimzika.

Tajiri hana haraka, boti bado ni mbao tupu. Lakini alishasema wazi: QT ikimshinda tena mwaka huu, usukani anampa mwingine. Na huyo mwingine tunamjua, ni kijana anayeendesha boti kama anafukuzwa na nyuki.

Basi ziwa lilipofungwa ili samaki wazaane, baba akawa nyumbani. Akaniita. Huniita Bibi kwa sababu nina jina la mama yake. Akasema, Bibi, mimi na wewe tutafanya hizi comprehension mpaka zinikome.

Mimi nikaona hapa ndipo pa kulipiza viboko vyote. Nikamwambia darasani mwanafunzi ndiye anayemwamkia mwalimu, kwa hiyo nasubiri shikamoo yangu.

Mama akashika mwiko. Nikaamkia mimi.

Tukaanza na passage nyepesi kabisa. Msichana anaitwa Anna, amepoteza simu ya mama yake sokoni, akaogopa, akaenda kujificha kwa shangazi. Swali: Anna alifanya nini baada ya kupoteza simu?

Baba akaandika kwa mwandiko safi, English iliyonyooka, kwamba Anna angemwambia mama yake ukweli mapema.

Nikamwambia baba, hilo siyo jibu. Akasema ndilo jibu pekee la maana kwa mtoto kama yule.

Swali la pili: kwa nini shangazi alimpokea? Baba: shangazi alikosea, anamharibu mtoto.

Nikaona labda ni hiyo passage tu, inamgusa kama mzazi. Nikaleta nyingine. Ya mvuvi anaitwa Juma, ameingia ziwani usiku wa mbalamwezi kali akawasha taa zake, akarudi na boti imejaa dagaa. Swali: kwa nini Juma alikuwa na furaha?

Wakuu, nyie mnaokula dagaa wa Kigoma huko Dar na Dodoma labda hamjui. Dagaa huvuliwa gizani. Mwezi ukiwa mkubwa taa haziwavuti, watu wanashona nyavu na kulala na wake zao.

Baba akaandika: *Juma is not happy. Juma is a liar.*

Nilicheka mpaka nikatoka nje. Niliporudi alikuwa bado anaitazama ile karatasi kwa hasira, kama Juma amemkosea yeye binafsi. Nikampa sifuri. Akasema sawa, niwekee sifuri, lakini siwezi kuandika uongo wa mtu nikaweka na jina langu juu.

Hapo ndipo nilipoelewa tatizo. Mzee alikuwa anaelewa kila neno. Anachokataa ni kukubaliana nalo.

Alikuwa pia anasoma darasa la jioni la watu wazima, Katubuka. Mwalimu wao ni mama mmoja mpole sana ambaye hatanii. Akawatangazia kwamba kutakuwa na jaribio la English, na asiyefikisha nusu hatamsajili mwaka huu, aende ajipange aje mwakani.

Mwakani kwa baba hakuna. Usukani utakuwa umeshaondoka.

Mimi kiukweli nilikata tamaa. Nikaanza kutoa visingizio, leo nina homework, leo kichwa. Yeye hakukata. Nikitoka shule namkuta amekaa kwenye ngazi ya mlangoni na passage tatu ameshazijibu, zote ni hukumu. Mtoto amechelewa shule, analaumiwa baba mtu. Mkulima ameuza ng'ombe, anashauriwa amrudishe. Nampa sifuri, ananiambia lete nyingine. Sifuri, lete nyingine. Sijawahi kuona mtu anayepigwa hivyo na bado anafurahia kurudi ulingoni.

Kilichotuokoa ni ugali.

Siku moja mama alinituma nimpelekee baba chakula mwaloni, pale boti zinapofikia. Ugali wa muhogo na migebuka, samaki wetu wa huku, ya mawese. Baba yumo kwenye kamati ya mwalo inayosuluhisha ugomvi wa wavuvi, nikamkuta katikati ya kesi. Mtu analalamika kwamba kabla ziwa halijafungwa jirani yake alipitisha boti juu ya nyavu zake, mashine ikazikata.

Nikasimama pembeni na sufuria kichwani nisikilize umbea.

Baba hakusema nani ana kosa. Alimwambia mlalamikaji, ngoja nikurudishie maneno yako. Akayarudia yote, nyavu zilikuwa wapi, taa ilikuwa ya rangi gani, boti ilitokea upande upi, na kwamba ilipita makusudi.

Yule mtu akasema, "Makusudi sijasema, mzee."

Baba akasema, "Basi nalitoa." Akayarudia tena bila hilo neno, mpaka mtu akakubali kwamba ndivyo alivyosema. Ndipo akamgeukia wa pili.

Nilitua sufuria chini. Baadaye nikamuuliza, mbona ulirudia yale maneno wakati nusu ya watu pale wanajua yule jamaa anatia chumvi?

Akanijibu kwamba kwanza unashika maneno ya mtu kama alivyoyatoa. Kuyapima ni zamu nyingine. Ukichanganya hizo zamu, hakuna atakayekuamini hata ukiwa na haki.

Nikamwambia, "Baba, passage ni mlalamikaji."

Akaacha kutafuna.

"Juma ni mlalamikaji. Anna ni mlalamikaji. Karatasi haijakuomba hukumu. Imekuomba urudishe maneno."

Kisha akauliza, "Na hukumu inatoka lini?"

Nikamwambia sijui, pengine haitoki. Hilo hakulipenda. Lakini jioni ile ile akaniambia niwalete walalamikaji.

Kuanzia hapo wakuu nyumbani kwetu kukawa na maigizo. Sikumpa tena passage asome tu, ninasimama mbele yake naisema kwa sauti kama mtu aliyekuja kushtaki. Nikiwa Anna nalia. Nikiwa mkulima nakohoa na kuvuta suruali juu. Kisha anachukua karatasi, anaisoma mwenyewe kimya, na kila jibu lazima aanze na *according to the passage*, kwa sababu hapo anakuwa amejitoa, maneno siyo yake.

Mwanzoni alijibu vizuri halafu chini anaongeza kwa penseli: *but this is not true*. Namkata maksi. Anafuta. Kesho anaongeza tena, kwa herufi ndogo zaidi akidhani sitaona.

Juma nilimrudisha makusudi kumpima. Alikaa naye muda mrefu, akatokwa na jasho. Akaandika kwamba kwa mujibu wa passage Juma alifurahi kwa sababu alipata dagaa wengi. Akasukuma karatasi upande wangu akaenda kunawa mikono.

Mama akaniambia taratibu, umemweza.

Siku ya jaribio alivaa shati la Idi. Sikumtania, na mnaonijua mtaelewa hali ilikuwa nzito kiasi gani. Mchana kutwa shuleni sikutolewa nje hata mara moja.

Matokeo hayakutoka siku hiyo. Yalipotoka alirudi jioni, akaketi, akanipa karatasi na kusema nimsomee kwa sauti.

Nikaanza kusoma passage.

Ilikuwa inahusu boti ya abiria iliyopigwa na dhoruba. Boti inaingia maji, watu wanapiga kelele, nahodha anajirusha majini anaogelea mpaka nchi kavu kuita msaada. Mitumbwi inakuja, wengi wanaokolewa. Kijiji kinamfanyia nahodha sherehe kwa ushujaa wake.

Nikamtazama baba. Huyu ni mtu ambaye tangu tukiwa wadogo, boti ikifika ufukweni, hata kama tumekaa karibu naye, anashuka wa mwisho, akishahakikisha hakuna mtu ndani. Sembuse kwenye dhoruba.

Swali: kwa nini wanakijiji walimwita nahodha shujaa?

Alikuwa ameandika: *According to the passage, he was brave because he swam to the shore to call for help.*

Tiki.

"Niliweka kalamu chini kwanza," akasema. "Watu wote wanaandika, mimi natazama ukuta. Nikasema haya, nayashika maneno yake."

Nikaendelea. Tiki, tiki, kosa moja, tiki. Nikafika swali la mwisho, lile ambalo kila comprehension huwa nalo: ipe habari hii kichwa kinachofaa. Mimi huwa nalijibu bila kufikiri. Hapo ningeandika *A Brave Captain* nikafunga karatasi.

Baba aliandika: *The Captain Who Left First.*

Tiki, na maksi zote.

Akasema mwalimu alimwita mbele akamuuliza hiki kichwa amekitoa wapi. Akamjibu kimetoka humo humo kwenye passage, hajaongeza kitu, ni nani mwingine aliyetangulia kutoka? Mwalimu akaisoma tena habari nzima akiwa amesimama, kisha akamwambia aje na picha za pasipoti kesho, anamsajili.

Kwa hiyo wakuu, baba amesajiliwa. QT yenyewe bado, na sitawadanganya kwamba imekwisha. Kuna Hesabu na kuna Biology, na Biology tayari ameanza kubishana nayo kuhusu samaki.

Nilichojifunza ni kwamba kuelewa na kukubali ni kazi mbili, na mtu anaweza kuonekana mjinga kwa kuzifanya zote kwa mkupuo. Mimi nilidhani namfundisha asiyejua. Pia nimeanza kuvisoma vichwa vya habari kwa jicho lingine kabisa, mpaka vya humu jukwaani.

Wenye wazazi waliorudi darasani, semeni mnawasaidiaje, hasa Hesabu. Mwenye comprehension ngumu aitupie hapa niibebe. Kejeli ruksa, ila kwa mpangilio: kwanza rudisha nilichosema, ndipo unihukumu.

Naweka simu chini. Ameshakaa kwenye ngazi, anauliza mlalamikaji wa leo yuko wapi.