Wachimbaji wa Gerold Hawapakwi

Gerold Wischnewski alibeba kamera miaka mingi mpaka bega la kulia likashuka. Mtoto wa mchimba makaa ya mawe wa Bottrop, Ujerumani, filamu zake karibu zote zilikuwa za wachimbaji, na wale si watu wa kuchezea. Siku ya kwanza alipoingia bafuni mwao na kamera, walimmwagia maji ya baridi. Mle kila mtu humsugua mwenzake mgongo. Anayesimama kando kutazama ana lake jambo. Kesho yake Gerold akavua nguo, akashika sabuni, akasugua migongo. Tangu hapo hakuna aliyemzuia kupiga picha.

Mgodi wao ulipofika siku yake ya mwisho kabla ya kufungwa, televisheni ikampa Gerold mwongozaji kijana, Torben. Bwana huyo akachelewa hotelini kwa kifungua kinywa. Alipofika, wazee wameshapanda kutoka shimoni, wameshaoga, wanakula soseji uani. Unadhani aliomba radhi? Thubutu!

"Wako safi mno hawa," akasema. "Wapakwe masizi, washuke, wapande tena. Na walie kidogo."

"Nilie?" akauliza Alfons Pottkamp, mzee wa zamu. "Kwani mama mkwe amekuja?"

Wakaangua kicheko. Lakini msichana wa vipodozi alikuwa ameshampaka shavu moja, na Pottkamp kicheko kikamwisha. Akamgeukia Gerold.

"Gero, sisi tunakusikiliza wewe. Ukisema tupakwe, tunapakwa."

"Na asipopiga picha hivyo," Torben akadakia, "kwetu asahau kazi."

Damu ikampanda Gerold. "Mtu amekula vumbi la makaa tangu utotoni, mapafu yanapiga filimbi, halafu wewe unamletea poda? Huna haya! Alfons, futa uso. Hampakwi."

Akawapiga picha vile vile walivyo: nywele zimelowa, haradali midomoni, kingo za macho nyeusi kama wenye wanja, maana makaa ya pale hayatoki kwa sabuni.

Televisheni ikakodi waigizaji. Wakapakwa, wakalia, na nchi nzima ikalia nao, wajinga! Gerold hawakumwita tena.

Filamu yake ilionyeshwa ukutani, kwenye klabu ya wachimbaji. Pottkamp alipojiona anatafuna, akampa Gerold bia.

"Sura mbaya, ndugu yangu," akasema, "lakini ni yangu."