Nilimkataza Mume Wangu Sindano ya Nesi

Jamani, kosa ni langu, tena langu peke yangu. Msinionee huruma, nisikilizeni tu.

Mie nakaa Keko. Mume wangu ni seremala, ana kisukari, na kila asubuhi alikuwa anapita zahanati kuchomwa insulini ndipo aende kazini. Aliyemchoma ni nesi mmoja mjane, mcheshi, gauni lake jeupe limenyooka kwa pasi. Basi roho yangu ikawa juu juu. Mbona akienda huko anachana nywele? Mbona akirudi ni nesi kasema hivi, nesi kasema vile? Sindano gani hiyo ya kila siku ya Mungu!

Redioni nikasikia huko Ulaya wanajaribu insulini ya kuvuta kwa mdomo. Wanajaribu, ndivyo walivyosema, ila mie hilo nililiruka. Nikaenda Chang'ombe, kwenye duka la dawa lililofunguliwa juzijuzi. Enzi hizo kila mwenye kibanda kageuka mfamasia. Muuzaji akanitolea kipampu, akaapa ndiyo yenyewe. Mie ninayemshuku kila mtu, huyo nikamwamini!

Nikampa mume wangu, nikamwambia zahanati basi. Akawa anavuta. Hazikupita siku nyingi, kiu haimwishi, chooni hatoki, anahema, pumzi inanuka kama embe lililoiva kupita kiasi. Nami nikawaza nini? Kwamba nesi kamroga kwa kuwa kamkosa!

Nesi huyohuyo ndiye aliyekuja kumuulizia. Alimkuta kitandani hajitambui, akakiokota kile kipampu.

"Mama Asha, hii ni dawa ya pumu," akasema. "Insulini hajapata hata tone."

Hakunitukana, na hilo ndilo lililoniumiza. Akatafuta gari, akampeleka hospitali, mie nyuma nimeshika viatu vya mume wangu.

Alhamdulillahi, alipona. Nesi akanifundisha kumchoma mwenyewe hapa nyumbani, na dawa naitunza kwenye mtungi ipate ubaridi. Lakini kila asubuhi, kabla hajaninyooshea mkono nimchome, mume wangu anaichukua ile chupa ya dawa, anaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Hajui kuyasoma maandishi yake, anaangalia tu. Kisha ananiuliza taratibu, "Mama Asha, leo ni yenyewe?"

Dada zangu, wivu ukikushika, nuna, gomba, vunja hata sahani. Dawa ya mtu usiiguse. Mie namjibu ni yenyewe, na bado anaendelea kuitazama.