Herufi Nilizozihamisha Bila Kuuliza

Nakumbuka asubuhi moja mjini Embu, miaka ya tisini, Mama Marigu alipopiga barua nzima kwa taipureta na lisisomeke hata neno moja. Alikuwa karani wa chama cha wakulima tangu zamani, na hakuwa mtu wa kukosea. Mkosaji nilikuwa mimi.

Mwanangu, nasikia unaunda kibodi ya simu ili watu waandike lugha ya nyumbani bila taabu. Kazi njema. Hata mimi niliwahi kuunda yangu, ya chuma.

Nilikuwa fundi wa taipureta, kijana bado, na sifa zilikuwa zimenipanda kichwani. Mwenyekiti wa chama alitaka kuwaandikia wakulima kwa Kimbeere, akaniomba niongeze irabu mbili zenye alama juu. Ningeng'oa herufi mbili tusizozitumia, nichomelee hizo, basi. Lakini nilijiona mjuzi. Nikahesabu herufi katika kitabu cha nyimbo za kanisa, kisha nikazihamisha karibu zote, zinazotumika sana zikae chini ya vidole vyenye nguvu. Siku mbili nilikuwa mezani pa Mama Marigu, naye ameketi kando akisuka kiondo. Sikumuuliza neno. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mwenyekiti, ambaye ndiye aliyekuwa akimsomea maneno ya kupiga, aliishika ile barua. "Mama Marigu, hii ni barua ama ni mtama umemwagika?"

Watu wakacheka. Mama Marigu akaniinamia. "Kijana, A iko wapi?"

"Si hiyo hapo, mama? Nimeipaka rangi nyekundu."

"Niambie tu iko wapi."

Kicheko kikakatika. Macho yake yalikuwa yamekwisha kitambo, mwanangu, na vidole ndivyo vilivyokuwa vikimsitiri. Mimi nikamvua sitara hiyo mbele ya ofisi nzima. Jioni aliambiwa aende kwao Kiambere akapumzike.

Wiki ile ile nilizirudisha herufi zote, nikamfuata kumwambia. Nilimkuta nje ya nyumba, vidole vikigonga magoti taratibu.

"Zimerudi mahali pake?" akauliza. "Basi nami nirudi?"

"Nitamuuliza mwenyekiti, mama."

"Muulize. Nitangoja hapa."

Nilimuuliza. Alikuwa ameshaajiri msichana mwenye macho yanayoona vizuri.

Kwa hiyo nisikilize. Kabla hujahamisha hata herufi moja, keti na mtu atakayeitumia. Mtazame akiandika, ufunge mdomo. Anachokijua hatakwambia chote, kwa maana kingine amekificha, nacho ndicho anachokitegemea. Usimsaidie mtu kwa kumpita kana kwamba ni kiti.

Mungu akubarikie mikono, akupe na sikio, na kazi yako isimwache mtu uchi.

Jibu la mwenyekiti sikulipeleka Kiambere. Niliona haya, kisha miaka ikapita. Mpaka leo sijui Mama Marigu alingoja hadi lini.