Mtu wa Dirisha la Tatu

Nakumbuka kama jana, mwanangu, yale waliyosema kabla sijaondoka kwenda kusoma. Walisema sitafika hata Iringa, nitashuka njiani nilie. Walisema nikifika Dodoma na kuisikia treni ikipiga honi, nitageuza na kurudi kwa miguu. Mzee Asegelile, mkubwa wa ukoo wa jirani zetu, alisema mbele ya watu wote tulipotoka kanisani: "Wanaopanda treni hawarudi. Huyu naye tumhesabu humo humo."

Watu wakacheka. Mimi nikapanda. Nikaipita Dodoma, nikalala kwenye benchi la stesheni Tabora, nikavuka ziwa kwa meli, na nikakaa Uganda mpaka nikapata diploma ya ualimu. Ilikuwa ya kwanza katika vijiji vyote vya mlima huu unaoitazama Mwanjelwa. Kama kuna aliyekuwa nayo kabla yangu, ajitokeze. Namsubiri tangu miaka ile ya hamsini, na mpaka leo hajaja.

Nilirudi na koti la sufu, viatu vyeusi vilivyong'aa, na picha moja kubwa. Picha hiyo niliinunua Tabora kwa mpiga picha wa pale stesheni. Ilionyesha treni imesimama, moshi juu, na abiria wa daraja la tatu wametoa vichwa madirishani. Nilipopewa darasa la tano kufundisha kusoma Kiingereza, nikaitundika ukutani, juu kabisa, ili hata mgeni akiingia aione kwanza.

Basi, siku moja tulifika kwenye somo la mtoto anayesafiri kwa treni kwa mara ya kwanza, safari ndefu, na mama yake anabaki stesheni akimpungia mkono. Wakati huo reli haikuwa imefika huku kwetu. Watoto wangu walijua malori, basi la Iringa, na punda. Ningefundishaje neno behewa kwa mtu asiyewahi kuona behewa? Lakini mimi nilikuwa mwalimu hasa, si wa kubahatisha. Nikapanga madawati kwa mstari mrefu, nikawakalisha wawili wawili, nikawafundisha kuiga mlio wa magurudumu kwa miguu. Wakasoma kwa sauti moja, treni ikaenda. Walimu wa madarasa mengine walikuja kuchungulia.

Msichana mmoja, Sekela, aliyesoma vizuri kuliko wavulana wote, hakuwa anatazama kitabu. Alikuwa anatazama picha.

"Mwalimu," aliuliza, "hawa walikuwa wanakwenda wapi?"

"Kazini. Wengine kwenye mashamba ya mkonge."

"Na wanarudi lini?"

"Treni inakwenda na inarudi, Sekela. Mimi je, si nimerudi?"

Darasa likacheka, nami nikacheka. Nilidhani nimejibu.

Kesho yake nilikuwa naandika ubaoni nikaona chumba kimeingia giza. Nikageuka. Madirisha yote yalikuwa yamejaa vichwa. Wanawake, mwanangu, wanawake watupu, wengine na matenga ya kwenda sokoni, wengine na watoto mgongoni, wamesimama kwenye tope bila kusema neno. Nikajua kuna msiba na hawajui waanze vipi kuniambia.

"Nani amefariki?" nikauliza.

"Hatujui," alijibu bibi mmoja, Bibi Tupokigwe, aliyekuwa mbele. "Ndiyo maana tumekuja. Watoto wanasema unayo picha ya treni yenye watu ndani. Tumekuja kuwatafuta wetu."

Chaki ilinidondoka. Picha ile niliitazama kila siku. Niliweza kukueleza kila gurudumu la kichwa cha treni. Lakini watu wa madirishani, hata mmoja, sikuwahi kumtazama usoni. Na wanawake wale hawakuwa wajinga. Waume na wana wao walichukuliwa na malori ya kuandika watu wa mkonge, wakapelekwa kwenye treni ile ile, kwenye reli ile ile. Wangetafuta wapi kwingine?

Wakaingia mmoja mmoja. Niliishusha picha nikaiweka juu ya meza. Waliinama, walitazama, walitoka. Mpaka alipofika mama yake Sekela. Huyo aliweka kidole kwenye dirisha la tatu, juu ya mtu aliyekuwa amenyoosha mkono nje akipunga.

"Huyu," alisema.

"Mama, uso wenyewe ni mdogo kuliko punje ya mahindi."

"Simtambui kwa uso, Mwalimu. Tazama anavyoinua mkono. Ndivyo alivyoniaga. Huyu ni Ambakisye."

Ambakisye alikuwa mume wake. Aliondoka Sekela akiwa hajaota meno.

Nikafungua kinywa nimrekebishe kwa upole, kama mwalimu. Akaniwahi. "Jumamosi wanamzika," alisema.

"Wanamzika nani, na umesema huyu hapa?"

Ndipo akanieleza yaliyoamuliwa. Huku kwetu, mtu akipotelea mbali miaka mingi bila habari, ukoo ulikata mgomba, ukauvika sanda, ukaulilia na kuuzika kama mwili wake. Mchungaji hakuipenda desturi hiyo, lakini hakuna aliyemwalika. Mgomba ukishazikwa, mtu amekufa, na mke hurithiwa. Mrithi alikuwa kaka wa huyo marehemu, yaani Mzee Asegelile. Naye alishasema kwamba Sekela akiingia nyumbani kwake ataacha shule, maana kuna mtu amekwisha kumposa.

Mtoto yule alikuwa hajafika hata mabegani pangu.

Mchana ule nilikwenda na mama Sekela kwa Mzee Asegelile, picha kwapani. Wazee wa ukoo walikuwa wamekaa uani. Aliponiona akapiga makofi.

"Karibu, Mwalimu wa Treni! Tunasikia umemfufua ndugu yangu kwa karatasi. Haya, wewe unayejua kila stesheni, tuambie. Huyu ni Ambakisye au siye?"

Wote wakanitazama, na mama Sekela akanitazama kuliko wote. Kusema ndiyo ulikuwa uongo. Kusema hapana ulikuwa mgomba.

"Sijui," nikasema. Neno hilo, mwanangu, nilikuwa sijalitamka mbele ya watu tangu nipate diploma. "Lakini likizo inaanza kesho. Nitakwenda kwenye mashamba hayo niulize. Ngojeni mpaka shule ifunguliwe."

Mzee Asegelile alicheka mpaka akakohoa. "Nenda, baba. Tutazika migomba miwili."

Lakini wazee wenzake walikubali kungoja.

Habari ikatembea. Asubuhi wanawake walinifuata kwenye kituo cha basi. Bibi Tupokigwe alinikopesha blanketi lake, la pekee, na kusema: "Lwitiko, mwanangu. Ana kovu kwenye kidevu." Mwingine alileta kibuyu cha unga wa mahindi ya kukaanga, na jina la mume wake. Mwingine mwavuli, na jina. Mwingine kuku hai, na jina la kaka yake. Kila kitu kilikuja na jina lake. Nilipanda basi nimebeba vitu vya kijiji kizima, na kila mmoja alisema: "Ni mkopo huo, Mwalimu. Utarudisha na majibu."

Iringa tulilala kwenye baridi inayouma mifupa, na blanketi la bibi ndilo lililoniokoa. Dodoma nikapanda treni. Safari hii sikukaa kuhesabu mabehewa. Nilitazama watu, mmoja mmoja, kila stesheni, mpaka Kilosa.

Shamba nililofika lilikuwa la mkonge mpaka macho yanapoishia, mistari iliyonyooka kama ya daftari. Watu wa nyanda zetu walikuwa na kambi yao pembeni. Niliposalimia kwa lugha ya nyumbani, vijana walisimama kama wamepigwa na radi. Nikaanza kutaja majina. Wengine walikuwepo. Wengine walihamia Tanga. Nilipomtaja Lwitiko mwenye kovu, mtu mmoja alinishika mkono, akanipeleka nyuma ya kambi, akanionyesha tuta lenye nyasi. Homa, alisema. Miaka mitatu sasa.

Nikauliza juu ya Ambakisye. Wakanielekeza kwenye ghala.

Nilimkuta amekaa kwenye gunia, mlinzi wa ghala, mtu mwenye mvi kabla ya wakati. Nilimpa mkono. Hakutoa wa kulia, alitoa wa kushoto. Nami, kwa kiburi changu cha ualimu, nikataka kumkumbusha adabu. Ndipo nikaona. Mkono wa kulia uliishia kwenye kifundo. Mashine ya kusaga mkonge iliuchukua.

Nikatoa picha. "Mke wako anasema wewe ndiye huyu."

Aliitazama, akacheka bila sauti. "Huyu si mimi, Mwalimu. Huyu anapunga mkono wa kulia."

Nikamwuliza kwa nini hakurudi, kwa nini hata salamu hakutuma.

"Nirudi na nini? Mwanamume anayetoka kazini anaingia na blanketi la mke, nguo ya mtoto, jembe jipya. Mimi hata mkono wa kulishikia jembe sina." Kisha akanitazama kuanzia viatuni mpaka kwenye kola. "Tena wewe umezidi kutufungia. Habari zako zilifika mpaka hapa. Mwalimu karudi na koti, viatu vinang'aa, watoto wanaimba. Wenzangu wakasema, basi, siku hizi hivyo ndivyo mtu anavyorudi nyumbani. Wawili waliokuwa wamefunga mizigo wakaifungua."

Mwanangu, nimeshtuka mara nyingi maishani. Nimeona lori likipinduka, nimeona nyumba ikiungua. Hakuna kilichonipata kama maneno yale. Niliamini kurudi kwangu kumewafungulia njia wengine. Kumbe nilisimama mlangoni na viatu vyangu, nikaujaza mlango.

Sikujitetea. Nilisema: "Shule ikifunguliwa watakuzika. Mke wako atakwenda kwa kaka yako. Na Sekela ataozwa, yeye anayesoma Kiingereza kuliko wavulana wote."

"Sekela anasoma?"

"Anasoma."

Akasimama. Alifunga kifurushi chake cha nguo kwa mkono mmoja na meno, haraka, kama mtu aliyekuwa amefanya zoezi hilo kila asubuhi kwa miaka.

Mvua zilikuwa zimeanza. Kutoka Iringa basi lilikwama kwenye tope, tukashuka tukasukuma, likakwama tena. Nilimvika Ambakisye koti langu kwa sababu ya baridi, naye alisukuma kwa bega. Siku ya kufungua shule ilitukuta bado njiani.

Tuliposhuka Mwanjelwa alivua koti, akanirudishia.

"Livae," nikamwambia. "Ingia nalo nyumbani."

"Hapana. Nikiingia nalo watalitazama koti."

Tukapanda mlima. Kabla hatujafika tulisikia vilio. Niliacha heshima ya diploma pale pale, nikakimbia. Uani kwa Mzee Asegelile mgomba ulikuwa umelazwa juu ya mkeka, umefungwa shuka jeupe mpaka juu, na shimo limechimbwa. Watu walimwona Ambakisye nyuma yangu. Kilio kilikatika kama mtu amekifunga kwa mkono. Wengine walikimbilia migombani, mwanamke mmoja akaketi chini ghafla, na Mzee Asegelile akaangusha jembe.

"Kaka," alisema Ambakisye, "mnamlilia nani?"

"Wewe," alijibu mzee.

"Basi nyamazeni. Nimechoka na safari."

Sijui nani alianza kucheka. Mama Sekela hakucheka. Alikuja polepole, akaushika ule mkono ulioishia kifundoni, akautazama, akaufunika kwa kanga yake. Kisha akanigeukia.

"Nilikwambia ni yeye."

Mimi, mwenye diploma, sikumrekebisha.

Wiki ile nililipa madeni yangu. Nilipita nyumba kwa nyumba. Nilirudisha mwavuli, na habari kwamba mwana yu hai, anatuma salamu. Nilirudisha kibuyu, na habari kwamba mume amehamia Tanga, nitamwandikia. Mwenye kuku nilimpa kuku mwingine, na habari kwamba kaka yake anafunga mizigo. Mwisho nikafika kwa Bibi Tupokigwe na blanketi lake. Alinitazama usoni, hakuuliza. Nilimweleza juu ya tuta lenye nyasi. Alilikunja blanketi akalikumbatia, akakaa nalo hivyo.

"Ndaga, baba," alinishukuru baadaye. "Sasa najua nielekee wapi ninapomlilia."

Nikatoka kwake sina deni la mtu yeyote. Darasani nikaitundika picha upya, chini, pale macho ya mtoto yanapofika, ili nyuso zionekane. Viatu niliendelea kuving'arisha, sikufichi, lakini nilijifunza kusimama pembeni ya mlango.

Kwa hiyo sikiliza, wewe unayekwenda mbali kutafuta. Nyumbani hawakukopeshi ili ulete mali. Wanakukopesha ili urudi, au wapate kujua uko wapi. Ukikosa vyote, rudi na ulichobaki nacho, hata kama ni mkono mmoja. Na ukifanikiwa kama mimi, rudi kwa namna ambayo mwenzako aliyeshindwa ataona bado kuna nafasi ya kuingia.

Mungu akutangulie katika kila basi na kila treni, mwanangu, akulinde huko uendako, na siku utakaposhuka Mwanjelwa akukutanishe na mtu anayeujua mkono wako.