Bafu la Nyamitanga Lililogoma Kumeza Maji

Mtu akisema mbele yangu kwamba wakimbizi hawajui kazi za nyumba za mjini, mimi huwaka. Nimewaka mara nyingi tangu nifike Uganda na sijawahi kuomba radhi. Ila siku ya lile bafu la Nyamitanga niliwaka kuliko siku zote, na nataka niisimulie mwenyewe kabla hajatokea mwingine wa kuipotosha.

Mimi ni fundi wa vigae. Kwetu Uvira, Kongo, tunaviita makaro, na baba yangu ndiye aliyenifundisha kuvipanga nikiwa bado nyumbani kwake. Katika kambi ya Nakivale nilikaa miaka nikilima maharage tu, vidole vikinisumbua kwa kukosa kazi yake, mpaka akaja msimamizi mmoja wa ujenzi kutoka Kakoba, mjini Mbarara, Munyankore wa huko, akitafuta mafundi. Akanichukua mimi pamoja na jirani yangu, mzee wa Kirundi niliyemwita papa kwa kuwa ni rika la baba zangu. Papa alichanganya saruji, mimi nikapanga. Kila Jumatatu tulipanda gari Kabingo, upande wa kambini, kwenda Mbarara, Jumamosi tukarudi. Kazi hiyo niliipenda, bwana, niliipenda mpaka Jumapili ilinichosha.

Nyumba ya Nyamitanga, huko huko Mbarara, ilikuwa ya mama mmoja, mwalimu mstaafu, na ilikuwa na mabafu mawili ya kukarabati. Tukamaliza la kwanza, tukamwachia aanze kulitumia, sisi tukaingia kubomoa la pili. Siku ya tano akatuita. Akioga, maji yanamfika kwenye vifundo vya miguu. Akinawa mikono, beseni la ukutani linabaki na povu mpaka atoke, arudi. Hakuwa mkali, alikuwa amechoka tu, maana siku zote hizo alikuwa anayafagia maji kwa ufagio.

Msimamizi alisimama mlangoni. Hakuinama hata kidogo. Alisema tatizo analijua: yule Mrundi ameosha ndoo zake za saruji humo ndani, akamwaga kwenye tundu, saruji imegandia chini. Akamwambia papa akusanye vitu vyake aende. Kisha akasema kesho tutavunja sakafu.

Papa ni mtu wa kusali rozari huku anachanganya mchanga, ugomvi haujui. Alichukua begi lake, akatuaga wote, hata yule aliyemfukuza, akaondoka kwenda kutafuta gari la Kabingo. Na shambani kwake msimu huo mvua ilikuwa imemnyima kila kitu. Kazi ile ndiyo ilikuwa chakula cha wajukuu wake wanne, na msimamizi alilijua hilo.

Hapo nikamtolea uvivu msimamizi. Nilimwambia kwamba papa hajamwaga saruji yoyote. Nakivale maji tunayafuata na bidoni, madumu ya plastiki, tunapanga foleni. Ukiogea beseni moja, maji hayo yanapiga deki, kisha yanaenda kwenye ndizi. Mtu wa kule hamwagi maji yenye matumizi, hata kama mfereji uko karibu naye. Papa alipoosha ndoo aliacha saruji itulie kitakoni mwake, maji ya juu akayatumia tena, tope akalitandaza kwenye njia ya geti. Nilimwona kila jioni. Hata lile tope lilionekana pale getini, limekauka, mtu yeyote angeweza kwenda kulikanyaga.

"Nyabo, unamtetea kwa sababu ni mukimbizi mwenzako," msimamizi akasema, akiniita mama kwa lugha yao.

"Namtetea kwa sababu nilimwona akifanya kazi. Wewe ulikuwa wapi?"

Akakunja uso. Mwenye nyumba akaingilia, akanipa mpaka saa sita mchana nitafute tatizo. Nikamwahidi kwamba nikikuta saruji, sakafu nitaivunja kwa mikono yangu mwenyewe. Nilikuwa na uhakika huo.

Nikaanza na akili, si na nyundo. Nilifungua chemba ya nje, lile shimo dogo lenye mfuniko ambamo mabomba yote ya bafu hukutana kabla ya kwenda kwenye shimo kubwa. Nikamwaga ndoo ya maji chooni, nikakimbia nje kutazama: yalikuja kwa kishindo. Basi huko mbele hakuna shida. Nikamwaga ndoo nyingine kwenye tundu la sakafu: yakaja uzi mwembamba, yanachuruzika polepole. Beseni la ukutani linamwaga humo humo kwenye tundu la sakafu, ndiyo maana yote mawili yaligoma. Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa kwenye bomba moja tu, la kutoka sakafuni mpaka chemba, mwendo wa hatua tatu.

Nikachukua waya mgumu, nikaupinda ncha, nikalala kifudifudi nikauingiza kutokea chemba. Saruji ukiigusa na waya inagonga. Hii haikugonga. Ilikuwa laini. Nilicheka kwa sauti, jamani, nilicheka peke yangu pale chini, nikijua papa wangu ameshinda. Nikazungusha waya, nikavuta, nikazungusha tena, mpaka kikatoka.

Kilikuwa kipande cha kitenge, cha njano na majani ya kijani. Kitenge changu.

Nilipokuwa naosha vigae vile, niliziba tundu kwa kile kitambaa ili maji yasipotee. Nikayachota na kikombe, nikayarudisha kwenye ndoo, nikaoshea tena, vilevile tunavyofanya nyumbani. Kisha nikaitwa kula. Niliporudi tundu lilikuwa wazi, nikafikiri mtu amekitoa. Sikuuliza. Kumbe kilikuwa kimeteleza chini, na maji yalipita ndani yake kidogo kidogo siku zote hizo. Mimi niliyekuwa nikijigamba kuhusu maji ya Nakivale, mimi ndiye niliyeziba bomba.

Sitadanganya: niliutazama mgomba uliokuwa karibu nami. Msimamizi alikuwa ndani na simu yake, hakuna aliyeniona. Ningekifukia pale, nikasema ni uchafu tu. Lakini wakisikia uchafu wangesema ni wa yule Mrundi, na papa angebaki amefukuzwa kwa kosa langu. Nikainuka, nikaingia nacho kikichuruzika kwenye sakafu safi ya watu.

Niliwaonyesha wote wawili, nikasema ni changu na mimi ndiye niliyezibia nacho tundu. Msimamizi akacheka, akasema si alisema, hawa wakimbizi.

"Ulisema saruji, na hiki ni kitambaa," nikamwambia. "Ulisema yule mzee, na huyu ni mimi. Hukupatia hata kimoja. Mpigie simu arudi."

Akanijibu kwamba papa akirudi, mimi ndiye nitakayeondoka, kwa kuwa hawezi kufanya kazi na mwanamke wa mdomo kama wangu. Mwenye nyumba aliangalia pembeni.

Nikasema sawa. Lakini sikutoka mpaka alipopiga simu, na nikamtaka aweke sauti ya juu ili nisikie papa anaambiwa nini. Kisha nikamwaga ndoo ya mwisho kwenye tundu. Yakazama yote mara moja. Nikachukua mwiko wangu na pimamaji yangu ya kusawazishia vigae, nikaenda.

Jioni ile ile nilipita kwa papa. Alikuwa ameshaambiwa arudi Jumatatu, hakuambiwa kwa nini. Nikamweleza kila kitu nikiwa nimesimama, maana nilijua nikikaa nitalia. Aliweka rozari chini, akaniuliza.

"Ulisema mbele ya wote?"

"Mbele ya wote, papa."

"Mimi nimesingiziwa mengi, tangu Burundi mpaka hapa," akasema. "Hakuna aliyewahi kurudi akasema, ni mimi."

Kisha akasema haendi bila mimi. Hapo nikawaka tena, nikamgombeza mzee wa watu mbele ya wajukuu wake, nikamwambia sikupoteza kazi niliyoipenda ili yeye akae nyumbani. Jumatatu alfajiri nilikuwa nje kuhakikisha. Alipanda gari.