Hatua Kumi na Moja Kwenda Chini

Absalom Wabwile anahesabu kila kitu. Ngazi za kupanda ofisini ni kumi na nne. Kutoka langoni mpaka kwenye kikaushio ni hatua sitini na tatu, na siku akipata sitini na nne hurudi langoni kuanza tena. Tabia hii aliipata ujanani, alipokuwa mpima mistari kwenye mashamba makubwa ya Trans-Nzoia. Alitembea mbele ya wapandaji akihesabu hatua, na hatua zilipotimia akachomeka kijiti. Sasa ana miaka hamsini na mbili. Kazi yake ni kuangalia kikaushio cha kikundi cha wakulima wa mbegu, kwenye ghala lililo nje kidogo ya mji wa Kitale.

Kikaushio ni sanduku kubwa la bati linalopuliza hewa moto ndani ya mahindi mabichi. Kwa mahindi ya kula, mtu anaweza kukadiria moto. Mbegu ni habari nyingine. Joto likipita nyuzi arobaini na tatu, punje inabaki nzuri kwa macho lakini imekufa ndani, na mwenye kuipanda hataona kitu kikiota. Ndiyo sababu kuna vipimajoto sita ndani ya bati, na waya sita zinazoingia kwenye kompyuta ofisini.

Waya hizo zimechomekwa kwenye kadi ya zamani sana. Mifumo ya kompyuta inayokuja tayari haiitambui. Ili kadi isikike, lazima mtu aunde kerneli yake mwenyewe, yaani kile kiini cha mfumo kinachoongea na vyuma, na kabla ya kuiunda apite menyu baada ya menyu akichagua kipi kiingie na kipi kibaki nje. Fundi Bethwel, aliyeunga mitambo ile, alimwonyesha Wabwile kazi hiyo mara moja tu, miaka mitatu iliyopita, kisha akahamia Juba na simu yake ikaacha kuita. Wabwile aliandika yote kwenye daftari la jalada la buluu.

Jumamosi moja ya Novemba mwaka jana, umeme ulikatika na kurudi mara tatu, na diski ya kompyuta ikafa. Jumapili Wabwile alikuwa Bungoma mjini, akanunua diski nyingine, akaomba kwenye duka hilohilo wamwekee mfumo na msimbo wa kerneli wa karibuni. Akalala kwake Bokoli, na Jumatatu alfajiri akarudi Kitale na diski kwenye mfuko wa koti. Daftari likabaki nyumbani juu ya meza.

Jumatatu hiyo jioni ndipo mahindi ya Jerono, mama mmoja mkulima wa kikundi, yalipofika. Magunia sitini ya mbegu, yametoka miteremko ya Mlima Elgon kwenye mvua, mengine yakiwa yameshaanza kupata joto. Ilikuwa ndiyo mbegu ambayo kikundi kizima kingepanda msimu ujao.

Jumanne saa mbili asubuhi Wabwile aliketi mbele ya skrini na kumpigia simu mkewe, Phelista.

"Mama Joan, fungua daftari. Ukurasa wa arobaini na mbili."

"Niko na unga mikononi, ngoja." Kukawa na kelele ya sufuria. "Haya. Umeandika, 'Shuka kumi na moja, ingia. Shuka ishirini na sita, ingia. Shuka tatu, bonyeza Y.' Baba Joan, hii ni kompyuta ama unachimba kisima?"

"Soma tu."

Alibonyeza mshale wa chini mara kumi na moja, akihesabu kwa sauti. Mbele yake kulikuwa na kisanduku cha kijivu katikati ya skrini ya buluu, na ndani yake mistari mingi, kila mmoja na mabano yake. Nyota ndani ya mabano maana yake kitu hicho kitajengwa ndani ya kerneli. Mabano matupu, kimeachwa. Mstari wenye mshale mwishoni ni mlango wa menyu nyingine. Wabwile alisoma hadi kidato cha nne na Kiingereza anakielewa, lakini maneno ya pale yalimchosha. Aliziamini namba zaidi. Akaingia, akashuka ishirini na sita, akaingia tena, akashuka tatu, akabonyeza Y. Nyota ikatokea. Akahifadhi, akaamuru kerneli ijengwe.

Kazi ilichukua saa moja na dakika arobaini. Muda huo wote hakukaa. Alienda kwenye magunia, akazamisha mkono mpaka kiwiko, akautoa, akaunusa, akarudi kutazama maandishi yakipanda kwenye skrini. Mvua ilikuwa inapiga bati. Jerono alikuwa ameketi kwenye gunia tupu karibu na mlango, leso kichwani, akimfuata kwa macho.

"Wewe kijana, utaniumiza shingo," alisema. "Kaa."

"Nikikaa haitaharakisha, mama."

"Na ukitembea?"

Saa nne na dakika kumi aliwasha kompyuta upya. Mahali pa joto palitokea vistari sita vifupi na hakuna namba hata moja.

Akadhani amekosea kuhesabu. Akarudia, safari hii akiongeza moja mahali pa kwanza, na kwa kuogopa mabaki ya ujenzi wa kwanza akafuta yote na kujenga upya kabisa. Saa sita na dakika kumi vistari vilikuwa palepale.

Kipkosgei, meneja wa ghala, aliingia akikung'uta mwavuli. "Wabwile, hiyo kitu ya buluu umeiangalia tangu asubuhi. Ama inaonyesha mpira?"

"Bado kidogo."

"Bado kidogo ulisema saa nne. Mahindi iko moto, bana. Mimi naona tuwashe tu. Zamani si watu walikausha na mkono?"

"Zamani ilikuwa ya ugali."

"Niwekee hewa hata bila kipimo," Jerono alisema. Sasa alikuwa amesimama. "Nitaingiza mkono mimi mwenyewe. Nimeshika mahindi miaka arobaini."

"Mama, mkono haujui arobaini na tatu."

"Na hii mashine yako inajua nini?" Sauti yake ilipanda. "Nimeng'oa mbelewele na hii vidole, mstari kwa mstari, wiki tatu, ndio isijichavushe yenyewe. Asubuhi na jua. Watoto walikataa, nikaenda peke yangu. Sasa ioze hapa nikiangalia mtu anabonyeza?"

Kipkosgei alitazama saa yake. "Saa tisa kamili nawasha. Na kipimo ama bila kipimo."

Wabwile alimpigia Phelista tena. Safari hii alikosea namba ya mkewe mara mbili.

"Nisomee tena, pole pole."

"Si nilikusomea asubuhi? Umefika wapi sasa?"

Alisogea karibu na skrini na kwa mara ya kwanza siku hiyo akasoma maneno ya mstari aliouwekea nyota asubuhi. Akaufuata tena kwa kidole tangu mwanzo.

"Baba Joan?"

"Nimeweka nyota kwa redio."

"Redio gani?"

"Kifaa cha kushika redio. Kwa kompyuta."

Phelista alicheka hadi akakohoa. "Basi huyo mama wa mahindi mfungulie taarifa ya habari!" Kisha akarudi kwenye daftari. "Lakini sasa hiyo kitu unatafuta, yenyewe inaitwa nani?"

"Inaitwa... ni kadi. Ya zile waya."

"Jina lake."

"Sikuandika jina. Niliandika hatua."

"Si ulisema umewekewa mpya, sio ile ya Bethwel?"

"Ndio."

"Na kama wameongeza mistari? Mimi ukinielekeza kwa mtu Webuye, mlango wa saba, na wamejenga duka zingine katikati, si nitaingia kwa kinyozi?"

Wabwile aliweka simu mezani bila kuikata. Akazima kompyuta, akachomoa waya, akafungua ubavu wake kwa bisibisi. Ndani kulikuwa na vumbi la makapi ya mahindi, zito kama blanketi. Akaichomoa kadi, akaifuta kwa kitambaa cha mfukoni, akaiinua kuelekea dirishani. Pembeni, kwa herufi ndogo nyeupe, lilikuwepo jina la mtengenezaji na namba. Akaliandika kwenye kiganja cha mkono kwa kalamu.

Akairudisha, akawasha, akafungua menyu. Hakugusa mshale wa chini. Alibonyeza kitufe cha ule mkwaju ulioinama, /, ambao Bethwel alimwonyesha mara moja kwa haraka, ule wa kutafuta, na Wabwile hakuuandika popote kwa sababu hauhesabiki. Kisanduku kidogo kikafunguka. Akaandika herufi za kwenye kiganja.

Jibu lilikuja kwa mistari saba. Lilimweleza kadi iko chini ya menyu gani na ndani ya menyu gani. Lilimweleza pia kwamba inategemea mstari mwingine ulio juu yake, wa matundu ya waya yasiyo ya kawaida, na mstari huo ulikuwa mtupu. Wabwile alisoma hapo mara nne. Kama mstari wa juu hauna nyota, wa kadi hauonekani kabisa. Hata angehesabu sawasawa, angefika mahali penyewe asione kitu.

Akaenda kwa majina, akisoma kila mlango kabla ya kuingia. Akaweka nyota ya juu. Mistari mipya ikajitokeza chini yake, na wa nne ulikuwa kadi yake. Akaweka nyota. Akautafuta tena kuhakikisha. Akatoka, akahifadhi, akaanza kujenga saa saba na dakika kumi.

Alitembea sitini na tatu kwenda na sitini na tatu kurudi. Magunia ya katikati yalikuwa yamekuwa ya moto kiasi kwamba mkono ulitaka kutoka. Yeye na Jerono waliyafungua yote, bila kuambiana, wakayamwaga sakafuni na kuyageuza kwa koleo ili yapumue. Kipkosgei naye alivua koti akachukua koleo. Umeme ulififia mara moja, taa ikawa nyekundu, wote watatu wakasimama. Ukarudi.

Saa tisa kasoro dakika kumi maandishi yalikoma. Wabwile aliwasha upya. Vistari sita.

"Haya," Kipkosgei alisema, akageuka kuelekea kwenye kichomeo.

"Ngoja."

Kistari cha kwanza kikageuka kuwa ishirini na moja. Cha pili, ishirini. Kisha vyote.

Jerono aliinama akatazama skrini kwa karibu, kama mtu anayetazama mtoto aliyelala. "Hiyo ndio mahindi yangu inasema?"

"Ni bati tupu bado, mama. Lete mahindi."

Moto uliwashwa saa tisa na dakika ishirini. Thelathini na tatu. Thelathini na nane. Ulipofika arobaini na moja Wabwile alipunguza gesi, na akaendelea kusimama palepale, ingawa kiti kilikuwa nyuma yake.

Lakini namba haikumwambia kama zile saa za kusubiri zilikuwa zimeshaua kitu. Kwa hilo kuna njia moja. Mahindi yalipokauka, Jerono alihesabu punje mia moja, akazipanga kwenye kitambaa cha pamba kilicholoweshwa, mistari kumi ya punje kumi, akakikunja na kukiweka kwenye karai ofisini. Zikiota pungufu ya tisini, kikundi hakitapanda mbegu ile. Siku saba kitambaa kililoweshwa asubuhi na jioni, bila kufunuliwa. Mwisho wa juma Wabwile alimwachia Kipkosgei karai, akaenda Bokoli, akaufuta kwa mistari ukurasa wa arobaini na mbili, akaandika majina ya menyu upande wa pili, huku Phelista akimtajia herufi kwa herufi kutoka kwenye karatasi aliyoiandika Wabwile ofisini, akimwuliza kama redio ameiandika pia.

Alhamisi ya wiki iliyofuata Jerono alishuka tena Kitale. Walikifungua kitambaa pamoja juu ya meza. Vichipukizi vyeupe vilikuwa vimeshikana kwa mizizi, na kila mmoja alihesabu upande wake kimyakimya, kidole hewani.

"Tisini na tatu," alisema Jerono.

"Mimi nimepata tisini na mbili."

"Hesabu tena basi. Hizi hazihami."

Wabwile alianza upya, mstari wa kwanza, punje ya kwanza.