Eka Tatu za Mzee Makame

Jumamosi ile tulianika karafuu uani kama siku zote. Mimi na Mwanakombo tulikuwa tukizigeuza juu ya majamvi huku tukigombania kivuli. Baba yake, Mzee Makame, alikaa kwenye shamba letu la Kizimbani kwa ruhusa ya baba yangu: alime muhogo, mikarafuu asiiguse. Shamba lile Sultani alimpa babu yake baba kwa utumishi wake. Kabla ya hapo lilikuwa la wazee wa kina Mwanakombo, lakini nyumbani kwetu hilo halikutajwa.

Kesho yake redio ikatangaza kuwa serikali imepinduliwa. Baba akaenda kujificha ghalani, nyuma ya nyumba. Mama akanivika kanga ya Mwanakombo, nionekane mtoto wa Mzee Makame.

Wanamapinduzi walikuja mchana na mapanga. Mmoja alikuwa na bunduki.

Mzee Makame alisimama mlangoni kwetu.

"Mwenye shamba yu wapi?"

"Humu mna wangu tu," alisema. "Mke na watoto."

Wakatuacha. Wakazunguka nyuma.

Tukasikia mlio mmoja.

Mzee Makame ndiye aliyemzika baba, karibu na kisima. Sisi tukahamia mjini kwa shangazi. Serikali ilipoligawa shamba, yeye alipata eka tatu, pamoja na nyumba, kisima na kaburi.

Sasa nakaa Michenzani. Kila mwaka huenda kuzuru kaburi la baba, na Mwanakombo hunipokea.

"Karibu, shoga. Pita, ni kwako."

Neno hilo lilinichoma miaka mingi. Nilikula wali wake huku nikiitazama mikarafuu yake, mlango wake, wajukuu wake wakichota maji, yote kwa kijicho. Hata makuti aliyoezekea banda la kuku niliyahusudu.

Mwaka jana nilikuta kaburi limefagiliwa. Tukakaa barazani.

"Baba alijilaumu mpaka anakufa," alisema. "Akisema alisimama mlango sio. Angekwenda ghalani."

Sikuwa nikilijua hilo. Nilimuuliza alikufaje.

"Kwa uzee, kitandani. Nlimsomea Yasini, kanshika mkono."

Nilimwombea rehema, na niliomba kwa moyo. Kisha nikautazama mkono wa Mwanakombo juu ya goti lake, ule alioshikwa na baba yake.

Eka zile nshazizoea kuwa zake. Mkono ule ndio ninaomwonea kijicho mpaka leo.